Maadili Kazini na Katika Biashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya waajiriwa, wasimamizi na wenye biashara wa Tanzania Bara, ingawa sheria za Kenya zimetajwa pale ambapo zinaongeza jambo la kufaa. Msisitizo wake uko kwenye karatasi za kila siku, yaani ankara, hati ya kupokelea mzigo, fomu ya posho na stakabadhi, kwa sababu uadilifu wa kampuni hujulikana huko zaidi kuliko kwenye mabango yanayotundikwa mapokezi.

Kama sijavunja sheria yoyote, ninaweza kuwa nimekiuka maadili?

Ndiyo. Sheria huweka kiwango cha chini ambacho mtu akishuka chini yake anashtakiwa. Maadili yanahusu pia yale ambayo hakuna hakimu atakayekuita uyaeleze. Meneja anayemnyima msaidizi wake sifa ya kazi aliyoifanya, au muuza duka anayemficha mteja kwamba dawa ya mifugo anayonunua itaisha muda wake wiki ijayo, huenda asiguswe na yeyote, lakini wenzake na wateja wake wanajua alichofanya. Kwa upande mwingine, yapo mambo mengi ambayo watu huyaita "utaratibu wa hapa ofisini" ilhali ni makosa ya jinai, na maswali mengi yanayofuata yanahusu hayo.

Sheria ya rushwa si inawahusu watumishi wa umma tu?

Hapana, na huu ni upotofu ulioenea mno katika sekta binafsi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, inamzungumzia mtu yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine. Kifungu cha 15 kinamkamata anayeomba au kupokea manufaa ili afanye, au asifanye, jambo linalohusu shughuli za mwajiri wake, na kinamkamata pia anayetoa. Kwa hiyo afisa manunuzi wa kiwanda cha mtu binafsi anayepokea fedha kutoka kwa msambazaji wa vifungashio yuko chini ya sheria ileile inayomhusu karani wa halmashauri. Nchini Kenya, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 imekwenda mbele zaidi: inazitaka kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa na aina ya shughuli zake.

Muuzaji ametuletea zawadi. Je, kuipokea ni rushwa?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na ugumu wake ni wa kweli, kwa sababu kwetu mgeni haji mikono mitupu na kumrudishia mtu kuku wake ni kumtukana. Hata hivyo, hoja ya mila imekwisha kujaribiwa mbele ya mahakama. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya uchaguzi ikaruhusu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea aliweza kuwafanyia wapigakura. Wanaharakati wa haki za binadamu walifungua kesi, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea asiye na fedha, na vilifungua mlango wa rushwa chini ya jina la ukarimu. Anayejitetea kwa mila katika ofisi ya manunuzi anarudia hoja iliyokwisha kushindwa.

Badala ya kuuliza kama kitu ni kidogo au kikubwa, tazama mambo mengine. Je, mtoaji ana jambo mezani kwako sasa hivi, kama vile zabuni iliyo wazi, ankara inayosubiri saini au ukaguzi unaokuja? Je, zawadi imeletwa ofisini mchana, au imepelekwa nyumbani na kukabidhiwa mke au mume? Je, unaweza kuitaja mbele ya bosi wako na mbele ya mshindani wa mtoaji bila kubadilisha maelezo? Kalenda, shajara na kalamu zenye nembo ya kampuni hazimsumbui mtu. Fedha taslimu hazipokelewi kamwe, hata zikiitwa ya soda, ya maji au ya vocha, na kutumwa kwa simu hakuzigeuzi kuwa kitu kingine. Kinyume chake, kunaacha kumbukumbu yenye tarehe, saa na jina la mtumaji.

Kwa vitu vya katikati, kama kikapu cha sikukuu au gunia la mchele, weka daftari la zawadi linaloandikwa siku hiyohiyo: nani ameleta, nini, kwa nani na kimeishia wapi. Kuku aliyekwisha kuachwa getini na dereva wa msambazaji hawezi kukaa ofisini hadi kamati ikutane. Aandikwe daftarini, apikwe na wote wale, na msambazaji aandikiwe barua fupi ya kushukuru inayoeleza kwamba ofisi haitapokea tena. Barua hiyo ndiyo inayomaliza mazoea, na ndiyo watu wanayoona haya kuiandika.

Nikimpa mtu "chai" ili anifanyie haraka kile ambacho ni haki yangu, nimekosa?

Umekosa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayokataza kuwahonga maofisa wa nchi za nje iliacha mwanya kwa malipo madogo ya kuharakisha huduma za kawaida, na wafanyakazi wa kampuni za kigeni wamewahi kuleta mazoea hayo huku. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 haina mwanya huo, na ya kwetu pia haina. Ikiwa ofisi ya umma inatoza ada halali ya huduma ya haraka, ada hiyo ina kumbukumbu namba ya malipo na stakabadhi. Malipo yasiyo na vyote viwili, yanayoishia katika mkono au simu ya mtu binafsi, ni hongo hata kama cheti ulichokuwa unakifuatilia ni haki yako kabisa. Aliyedaiwa fedha hizo na kulazimika kukaa wiki mbili akisubiri ana haki ya kukasirika, na hasira hiyo inafaa zaidi ikipelekwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kuliko ikimalizikia kwenye bahasha.

Kamisheni inaruhusiwa, lakini "asilimia kumi" haruhusiwi mtu kuichukua. Tofauti iko wapi?

Iko kwa mlipaji na kwa ujuzi wa mwajiri. Mwuzaji anayelipwa kamisheni na kampuni yake mwenyewe kwa kila mzigo anaouza anapokea ujira ulioandikwa katika mkataba na unaokatwa kodi. Mnunuzi anayelipwa na muuzaji anapokea fedha za mwajiri wake mwenyewe kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu asilimia ile imekwisha kujumlishwa katika bei.

Hali ngumu zaidi ni ya "mshauri" au "mwakilishi" anayeingizwa katikati ya biashara kubwa. Mfano ulio wazi katika kumbukumbu za umma ni wa hati fungani ya dola milioni 600 ambayo Serikali ya Tanzania iliitoa mwaka 2013. Ada ya wapangaji wa mkopo ilipandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4, na asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya Kitanzania iliyotajwa kuwa mshirika. Mwezi Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo benki ya Standard Bank, iliyokuwa mshirika wa Stanbic Tanzania katika shughuli hiyo, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 25 kama faini na marejesho ya faida, pamoja na fidia ya takriban dola milioni 7 kwa Tanzania. Kosa lililoandikwa katika shtaka lilikuwa kushindwa kuzuia hongo. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba mkubwa yeyote London alitaka itolewe. Ilitosha kwamba hakuna aliyeuliza kwa dhati yule mshirika anafanya kazi gani yenye thamani ya dola milioni 6.

Basi kwa kila wakala unayemlipa, faili iwe na majibu ya maswali hayo: kazi yake ni ipi, ameifanya lini, nani aliiona, na kwa nini bei yake ni hiyo.

Tukipata nukuu tatu za bei, si tumetimiza utaratibu wa manunuzi?

Mmetimiza hesabu ya karatasi. Tuchukulie mfano wa ofisi inayonunua vifaa vya kuandikia. Faili lina proforma tatu, yaani ankara za kunukuu bei: ya kwanza ya shilingi 1,180,000, ya pili 1,240,000 na ya tatu 1,295,000. Vichwa vya barua ni vya rangi tofauti na mihuri ni tofauti. Lakini neno "bahasha" limeandikwa "bahsha" katika zote tatu, vitu vimepangwa kwa mfuatano uleule, tarehe ni moja, na sanduku la posta la kampuni ya pili ndilo la kampuni ya tatu. Mkaguzi mzoefu haanzi na bei, anaanza na makosa ya tahajia. Mtu mmoja ndiye aliyeandika zote, na mara nyingi aliombwa kufanya hivyo na mtu wa ndani aliyemwambia, "Niletee na zile mbili za kusindikizia."

Mbinu nyingine haziachi alama rahisi kama hiyo. Mahitaji yanaweza kuandikwa kwa namna ambayo muuzaji mmoja tu anayaweza, hadi rangi ya kifuniko cha mashine. Ununuzi mmoja unaweza kukatwa vipande vinne ili kila kipande kibaki chini ya kiwango kinachohitaji kibali cha mkurugenzi. Na muuzaji aliyechaguliwa kihalali, kwa bei nzuri, anaweza kuleta pungufu.

Hapo ndipo mtunza stoo anapokuwa mtu muhimu kuliko cheo chake kinavyoonyesha. Lori la saruji huja Ijumaa saa kumi na moja jioni, dereva ana haraka, vibarua wamekwisha kuondoka, na hati ya kupokelea mzigo inasema mifuko 600. Anayesaini bila kuhesabu amethibitisha kwa maandishi jambo asilolijua, na mifuko 40 ikikosekana mwezi ujao, saini yake ndiyo itakayoulizwa kwanza. Jibu sahihi si ushujaa: lori lisubiri hadi kesho, au hati iandikwe "mzigo haujahesabiwa" na dereva naye atie saini.

Katika sekta ya umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imehamishia shughuli kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na hilo limepunguza mikutano ya ana kwa ana kati ya mzabuni na ofisa. Hata hivyo mfumo hauhesabu mifuko. Kanuni iliyo ya zamani kuliko kompyuta bado ndiyo inayolinda zaidi: anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa.

Ndugu yangu ana duka linalouza vitu tunavyonunua. Je, ofisi haiwezi kununua kwake?

Inaweza, lakini wewe huwezi kuwa miongoni mwa wanaoamua. Mgongano wa maslahi si kosa wenyewe. Nchi ambayo kila mtu ana shemeji, binamu na mtu wa kijijini kwao haiwezi kuendeshwa kwa kuwakataa wote. Kosa ni kuuficha. Tamka uhusiano huo kwa maandishi kabla ya uamuzi, toka chumbani wakati unajadiliwa, na hakikisha kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba ulitoka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilichagua njia ya makatazo: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kupangisha nyumba. Makatazo hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikasimama zaidi kwenye matamko ya mali na maslahi. Kwa maoni yangu njia ya tamko ni ya kweli zaidi kwa mazingira ya leo, ila ina masharti: tamko lisomwe na mtu. Fomu zinazojazwa kila mwaka na kufungiwa kabatini hazimzuii yeyote.

Kuhusu ajira za ndugu, kipimo ni kilekile. Nafasi itangazwe, usaili ufanywe na wengine, na ndugu yako asiripoti kwako.

Kuongeza kidogo kwenye stakabadhi za safari ni kosa kubwa kweli?

Ni kosa la jinai lenye kifungu chake. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Na. 11 ya 2007 kinahusu kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, na watu wanafikishwa mahakamani kwa nyaraka za kiasi kidogo tu cha posho. Mifano inajulikana: stakabadhi ya nyumba ya wageni ambako mtu hakulala, orodha ya mahudhurio ya semina yenye saini za watu wasiohudhuria, safari ya siku tatu iliyolipiwa siku tano, risiti ya mafuta iliyookotwa kituoni. Risiti ya mashine ya EFD huonyesha tarehe na saa, na wengi wamenaswa kwa sababu walikuwa wakijaza mafuta Morogoro wakati saini yao ilikuwa kikaoni Dar es Salaam.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kampuni inayompa mfanyakazi posho isiyotosha kitanda na chakula, kisha ikadai stakabadhi kwa kila shilingi, inawafundisha watu wake kughushi. Ni nafuu zaidi kuweka posho ya kiwango kimoja inayotosha.

Msimamizi anataka mahusiano ya kimapenzi ili anipandishe cheo. Hii inashughulikiwa na nani?

Hii ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kinaitaja waziwazi kuwa kosa kwa mtu mwenye mamlaka kudai au kulazimisha upendeleo wa kingono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Taarifa hupelekwa TAKUKURU. Si lazima ianzie ofisi ya rasilimali watu, hasa ikiwa anayelalamikiwa ndiye bosi wa ofisi hiyo. Hifadhi ujumbe wa simu bila kuufuta wala kuuhariri, andika tarehe na maneno aliyosema siku hiyohiyo, na mweleze mtu mmoja unayemwamini ili awe na kumbukumbu yake.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Kumwambia aliyedaiwa "mkatae kistaarabu tu" ni kumwachia mzigo mtu asiye na mamlaka.

Je, maadili yanamhusu mwajiri pia, au ni orodha ya makatazo ya wafanyakazi?

Yanamhusu kwanza. Mfano wa karibu ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mwajiri anayekata sehemu hiyo kila mwezi na kuitumia kulipia kodi ya ghala, huku hati ya mshahara ikionyesha kwamba imepelekwa, ametumia fedha za watu wengine bila ridhaa yao. Hana msimamo wa kumfukuza mhasibu aliyekopa sanduku la fedha ndogondogo "hadi mwisho wa mwezi", kwa kuwa wote wawili wamefanya jambo lilelile kwa viwango tofauti. Mfanyakazi anaweza kuuliza salio la michango yake NSSF moja kwa moja, na ni vyema aulize kila robo mwaka badala ya kungoja siku ya kustaafu.

Naweza kumpa rafiki namba za simu za wateja wetu?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, na ya Kenya ni ya mwaka 2019. Mteja aliyeacha namba yake ili aletewe mzigo hakuiacha ili atumiwe matangazo ya mikopo.

Nimegundua ubadhirifu. Nitoe taarifa wapi, na nani atanilinda?

Kama kampuni ina njia ya ndani inayoaminika, anzia hapo, kwa maandishi, ukieleza ulichokiona na si unachokihisi: namba ya ankara, tarehe, kiasi. Kama mhusika ndiye anayepokea malalamiko, nenda TAKUKURU. Namba yake ya dharura ni 113 na haina malipo. Kwa Zanzibar mamlaka husika ni ZAECA, na kwa Kenya ni EACC. Sheria ya Kenya ya 2016 inamtaka mtu mwenye nafasi ya mamlaka, hata katika kampuni binafsi, atoe taarifa ndani ya saa 24 tangu ajue au ashuku hongo.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, na maneno hayo ya mwisho ni ya kuzingatiwa: aliyeanza kwa kurusha picha za nyaraka kwenye kundi la WhatsApp amejiweka mahali ambapo ulinzi huo ni mgumu kuudai, na pengine amewapa wahusika muda wa kuchoma faili.

Watu huuliza kama taarifa ya mtu wa ngazi ya chini husikilizwa. Katika ile shughuli ya hati fungani, sehemu kubwa ya dola milioni 6 ilitolewa benki taslimu ndani ya siku chache, na wafanyakazi wa benki hapa Tanzania ndio waliotilia shaka na kupeleka suala juu. Makao makuu yakaripoti wenyewe kwa mamlaka za Uingereza, na hakimu aliuhesabu uharaka huo kwa faida ya benki.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya taarifa uliyotoa, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Muda huo hupita haraka kwa mtu aliye katika mshtuko, na wapo wenye kesi nzuri waliokwama kwa kuchelewa tu.

Tayari nimesaini hati ya mzigo ambao sikuuona. Nifanye nini sasa?

Andika leo. Usiirekebishe hati yenyewe, usichane, usirudishe tarehe nyuma, na usikubali kusaini nyingine "ya kuweka sawa". Andika dokezo kwa msimamizi wako, ukitaja namba ya hati, siku uliyosaini, aliyekuletea na maneno aliyokuambia, kisha ueleze kwamba hukuhesabu mzigo na unaomba uhesabiwe upya mbele ya mtu wa tatu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa msimamizi anakataa kuipokea, itume kwa barua pepe ya ofisi kwake na kwa mkaguzi wa ndani kwa pamoja, kabla malipo ya mzigo huo hayajaidhinishwa.